Ngitili na Matimba: Niliyoyaona Njiani Kwenda Geita

Wiki iliyopita nilipanda basi mjini Shinyanga, nikielekea Geita kwa kupitia Kahama. Kiti cha dirishani ni shule, mpenzi msomaji, ili mradi usisinzie.

Kabla ya kufika Tinde, mzee niliyeketi naye alinionyesha kichaka katikati ya mashamba yaliyokwisha vunwa. "Ile ngitili, mwanangu," aliniambia. "Ujana wetu hapo palikuwa peupe."

Mzee alisema kweli. Wakati wa ukoloni misitu ya Usukuma ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, na mingine ikapisha pamba. Ng'ombe nao wakaongezeka, ardhi ikabaki uchi. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, nao ukaja kutegemea dawa ya wenyeji wenyewe. Ngitili ni eneo linalofungwa wakati wa masika ili majani yaote, kisha hufunguliwa kiangazi mifugo ipate malisho. Visiki vilivyokuwa hai ardhini vikachipua. Sheria zake hutungwa na dagashida, baraza la jadi, na anayezivunja hutozwa faini. Ngitili zilizokadiriwa kuwa hekta 600 tu mwaka 1986 zilipita hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika Shinyanga ya wakati ule, kabla Simiyu na Geita hazijawa mikoa mwaka 2012.

Tulipita Isaka, penye bandari kavu ya mizigo ya Rwanda na Burundi, tukafika Kahama. Kuelekea Kakola, ulipo mgodi wa Bulyanhulu, mandhari ilibadilika: vumbi, karasha zikisaga mawe, na mbele yetu lori limejaa magogo. Nilidhani ni kuni. Kondakta akacheka: "Matimba hayo, mzee."

Matimba ni magogo yanayopangwa ndani ya shimo la wachimbaji wadogo ili kuta zisiporomoke. Si mapambo hayo. Oktoba 2015 shimo liliporomoka Nyangarata, Kahama. Wachimbaji watano waliokolewa baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mwenzao mmoja alifia humo. Kadiri shimo linavyokwenda chini ndivyo magogo yanavyoongezeka, na yakioza hubadilishwa.

Basi, mti ni mmoja, wenye haja ni wawili. Mfugaji anaufungia msimu mzima ili ng'ombe wake wapone kiangazi. Mchimbaji anautaka uwe gogo leo hii, ili atoke shimoni akiwa hai. Simlaumu. Lakini nilipomuuliza kondakta magogo yale yanatoka wapi, alielekeza kidole nyuma, kule tulikotoka.

Njia ya kuwapatanisha ipo. Leseni ya mchimbaji mdogo ni ya miaka 7, tena huweza kuhuishwa. Katika muda huo mkaratusi uliotunzwa vizuri huweza kutoa nguzo. Kwa nini basi kila mwenye leseni asipande shamba lake la matimba siku ile ile anapoanza kuchimba, na halmashauri zikamfuatilia kama zinavyofuatilia ushuru?

Dhahabu ikiisha, mchimbaji hufungasha akahamia kwingine. Yule mzee wa Tinde hana pa kuhamia.