Haki ya Mwenye Swali: Maziwa ya Magamba (Makala ya Nne)

Matokeo ya kidato cha nne yametangazwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, na hisabati, kama ilivyo ada yake ya miaka mingi, imeshika mkia wa masomo yote. Na hapa Babati wazazi ambao siku nyingine hushindana juu ya bei ya mbaazi wamepatana kwa kauli moja kuwalaumu walimu, ilhali walimu nao wamepatana kuwalaumu wazazi, na mwanafunzi mwenyewe hakuna aliyemwuliza neno. Si jambo la mwaka mmoja. Katika mtihani wa mwaka 2022 waliofaulu hisabati nchi nzima walikuwa takriban mmoja katika kila watahiniwa watano, na mwaka huo haukuwa mbaya kupita ule uliotangulia.

Wasomaji waliofuatana nami tangu makala ya kwanza wanajua kwamba sikukusudia kuandika juu ya alama na madaraja. Tumekwisha kuona jinsi tarakimu zilivyosafiri kutoka Bara Hindi mpaka Baghdad, jinsi Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alivyotunga kitabu chake cha aljebra katika karne ya 9, na kwa nini mtoto anayeamriwa kuhamisha namba upande wa pili na kugeuza alama yake, bila ya kuelezwa sababu, huwa anafundishwa ramli wala hafundishwi hisabati. Lililobaki ni lile nililoahidi: mtoto anapokwama katika zoezi alilopewa aende nalo nyumbani, amwendee nani, na huyo anayeendewa amjibu nini? Kwa jambo hili sina haja ya kurudi Baghdad. Nitapanda milima ya Usambara, kwa sababu hoja ninayoitaka iko pale, na mwenye kuileta ni kijana wa nchi hii hii.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, karibu na Lushoto. Wavulana wa shule hiyo walikuwa na mazoea ya kujitengenezea aiskrimu: wakinunua maziwa, wakiyachemsha, wakiyatia sukari, wakiyaacha yapoe mpaka yakaribie ujoto wa hewa, ndipo wakiyaingiza katika jokofu, na kwa kuwa wavulana walikuwa wengi na nafasi jokofuni ni chache, palikuwa na mbio na kusukumana. Siku moja Mpemba amekwisha kununua maziwa kwa akina mama wa jirani na kuyabandika motoni, akamwona mwenzake, kwa hofu ya kukosa nafasi, anachanganya maziwa yasiyochemshwa na sukari na kuyatia jokofuni vivyo hivyo. Mpemba akapiga hesabu yake: akingoja ya kwake yapoe, chombo cha mwisho cha kugandishia kitakuwa kimechukuliwa. Akajasiri, akayatia yangali moto, hali akijua kwamba huenda akaliharibu jokofu. Baada ya saa moja na nusu wakarudi wote wawili kutazama, wakakuta maziwa ya Mpemba yamekwisha kuganda, na ya mwenzake yangali uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wa fizikia sababu yake. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa tu, jambo hilo haliwezi kutokea. Naye, kwa adabu ya mtoto mbele ya mwalimu wake, akasadiki. Huenda tusingalisikia habari zake tena, lau siku moja asingalikutana mjini Tanga na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu, akamwambia kwamba yeye huyatia maziwa yakiwa moto kwa makusudi, ili yagande upesi, na kwamba wauzaji wengine wa mji ule hufanya kama afanyavyo yeye. Basi maarifa ambayo darasani yaliitwa muhali, sokoni yalikuwa desturi ya kazi! Napenda kuwakumbusha jambo hili wale wanaodhani kwamba elimu hushuka tu, kutoka kwa mwenye shahada kumwendea asiyekuwa nayo, wala haipandi kamwe.

Mpemba alifaulu, akaenda kusoma kidato cha tano Mkwawa, Iringa, na hapo somo la kwanza la fizikia lilikuwa joto. Walipofika katika kanuni ya Newton, ile iliyotolewa mwaka 1701, isemayo kwamba kasi ya kupoa kwa kitu huandamana na tofauti baina ya ujoto wake na ujoto wa mahali kilipo, akasimama akauliza swali lake. Nisimwonee mwalimu, kwa maana hujja yake ni nyepesi kuifahamu. Maji ya nyuzi 100 hupoa kwa kasi kuliko ya nyuzi 35, ni kweli, lakini kabla ya kufika kwenye ubaridi sharti kwanza yafike nyuzi 35, na yatakapofika hapo yale mengine yatakuwa yamekwisha kwenda mbele. Nayo yakitoka hapo hayana ila kufuata njia ile ile kwa mwendo ule ule. Nani angeweza kuipinga hujja hiyo akiwa amekaa kitini? Lakini kijana aliposhikilia neno lake, mwalimu aliiacha hujja akaingia katika dhihaka, akasema kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu wote. Darasa likapata mchezo. Tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu, wenzake waliita kosa lile hisabati ya Mpemba.

Kijana hakunyamaza wala hakujibu kwa maneno. Alasiri moja alikuta maabara ya biolojia i wazi na hakuna mwalimu, akachukua bilauri mbili ndogo za kupimia, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akazitia zote katika jokofu. Aliporudi baada ya saa nzima akakuta barafu nyingi zaidi katika ile iliyoingia na maji ya moto. Sasa alikuwa na kitu ambacho mwalimu wake hakuwa nacho. Alikuwa amejaribu.

Ndipo akaja mgeni. Dokta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambacho zama hizo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, alialikwa kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa, na mwisho wa mazungumzo akakaribisha maswali. Mpemba akauliza lile lile: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, kwa kiasi kimoja, yakitiwa jokofuni, ya moto hutangulia kuganda, kwa nini? Wenzake waliona haya kwa ajili yake, kana kwamba amevunja heshima ya shule mbele ya mgeni. Mgeni alitabasamu, akamtaka alirudie swali, kisha akamwuliza kama ni kweli na kama amelifanya mwenyewe. Mpemba akasema ndiyo. Osborne akajibu kwamba sababu haijui, ila akirejea Dar es Salaam atalijaribu.

Wasomaji wangu, kwa miaka mingi nimeyapenda majibu hayo mawili, la kuuliza kama umejaribu na la kukiri kwamba sijui ila nitajaribu, kuliko fomula yoyote niliyopata kuifundisha. Na uzuri wake wazidi mtu akijua kwamba Osborne, kama alivyoeleza baadaye, moyoni aliamini kijana amekosea. Hakumheshimu kwa kuwa alikuwa na yakini naye. Alimheshimu hali ana shaka naye, kwa kuwa alijua hatari ya kulicheka swali. Huko Dar es Salaam alimpa kazi hiyo fundi kijana wa maabara, na fundi akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kweli, lakini asiwe na wasiwasi, watarudia na kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi. Tusimcheke fundi yule! Nusu ya vijana wetu wa kidato cha sita hufanya vivyo hivyo katika mtihani wa vitendo, wakilijua jibu la kitabu kwanza, kisha wakizipinda namba zao mpaka zilifikie, na wapo watu wazima wanaowafundisha ujanja huo na kuuita maandalizi.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha pamoja maelezo yao katika jarida la Physics Education, na Mpemba wakati huo alikuwa akisoma katika chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi, taaluma ambayo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya maisha. Mwaka huo huo George Kell wa Canada naye aliandika juu ya jambo lile lile. Wala halikuwa jipya duniani: Aristotle, zaidi ya miaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alitaja kwamba watu wa Ponto, wanaovua samaki juu ya barafu, huyamwagia matete yao maji ya moto ili yagande upesi na kuyashikilia, Francis Bacon alilitaja mwaka 1620, na Descartes mwaka 1637. Kisha wanazuoni wakalisahau, na wauza aiskrimu wa Tanga wakalihifadhi.

Sababu yake ni ipi? Ikhtilafu ni kubwa. Wako wanaosema maji ya moto hupungua kwa mvuke, yakabaki machache ya kugandisha. Wako wanaosema kuchemka huondoa hewa iliyoyeyuka ndani yake. Wengine hutaja mzunguko wa maji, ambao huyapandisha ya moto juu na kuupotezea joto uso wa chombo. Na wengine husema chombo cha moto huyeyusha sakitu iliyo chini yake, kikakaa barabara juu ya chuma cha jokofu. Osborne aliweka vyombo vyake juu ya povu la plastiki, kwa hiyo hiyo ya mwisho haikuweza kuwa sababu ya aliyoyaona yeye. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitoa zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo mazuri kupita yote, yakaja majibu zaidi ya 22,000, akapewa Nikola Bregović wa Croatia, na mjadala haukwisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, wa huko huko Uingereza, walirudia majaribio wakasema hawakupata ithibati ya kutosha, na kwamba kipimajoto kikisogezwa kidogo tu ndani ya chombo huweza kuleta tofauti isiyokuwapo. Naandika haya makusudi, maana sitaki mtu adhani kwamba namsifu Mpemba kwa sababu alishinda. Hata ikibainika kesho kwamba maji ya moto hayatangulii, swali lake litabaki kuwa bora kuliko jibu alilopewa darasani.

Nafasi yangu gazetini inakwisha, na Babati bado sijaifikia. Mtoto wa hapa leo akikwama hupiga picha ya swali, akaipeleka kwa kundi la wenzake simuni au kwa hii inayoitwa akili mnemba, na jibu likaja limepangwa mstari kwa mstari kabla ya chai kupoa. Asiye na simu hununua madesa yaliyotolewa nakala dukani, akanakili. Mimi si adui wa simu. Lakini hakuna katika hao anayemwuliza mtoto alilouliza Osborne. Chukua kosa linaloonekana kila siku katika madaftari ya kidato cha pili: mtoto huandika kwamba jumla ya a na b ikipigwa kipeo cha pili ni sawa na kipeo cha a na kipeo cha b vikijumlishwa. Anayemsaidia vibaya humfutia, akamwandikia lililo sahihi. Anayemsaidia vizuri humwambia: jaribu kwa 3 na 4. Mtoto ataona kwamba 7 kwa 7 ni 49, ilhali 9 na 16 ni 25, na 24 zimepotea. Ziko wapi? Mchoree shamba la mraba la hatua 7 kila upande, kona moja mraba wa hatua 3, kona iliyoelekeana nayo mraba wa hatua 4, na atayaona mwenyewe yale makipande mawili ya pembeni, kila moja 3 kwa 4, yaani 12 na 12. Al-Khwarizmi alifundisha kwa michoro ya namna hiyo hiyo zaidi ya miaka 1,100 iliyopita. Yahitaji kijiti na vumbi.

Na wengi wa watoto hawa swali lenyewe hulipata kwa Kiingereza, lugha waliyokabidhiwa kidato cha kwanza baada ya miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, kwa hiyo hukwama mara mbili, katika maneno na katika hesabu. Hilo nitaliandikia makala yake.

Kwa leo nina ombi. Katika mji huu, kutoka Bagara mpaka Maisaka na Nangara, wamo walimu wastaafu wa hisabati na fizikia, wamo mafundi wa umeme, wahandisi wa barabara na wa maji, wafamasia na wapima ardhi, ambao elimu yao hulala Jumamosi nzima. Wenye kuweza kutoa saa mbili za siku hiyo, bila malipo, kukaa na vijana waliokwama na kuwauliza wamejaribu nini, wamwandikie mhariri wa gazeti hili, wataje kata yao na somo wanalolimudu; na asiyejua jibu la kila swali asijizuie kwa sababu hiyo.