Diski ya seva imekufa? Tulia, data bado iko

Sema uko na databesi ya Cassandra kwa mashine 3: Kitengela, Kajiado mjini na Nairobi, kila moja na kopi yake. Diski ya Kitengela imekufa. Ni ngori? Bado. Mbili zikikubaliana, kazi inasonga. Lakini usilale, ingine ikizima mambo yanasimama.

Weka diski mpya, kisha washa mashine na ile setingi ya replace_address_first_boot, ukiipea IP ya iliyokufa. Itavuta data kutoka kwa wenzake. Noma ni hii: kama iko kwa listi ya seeds, itoe kwanza, juu seed haivutangi data ikianza. Ikimaliza, piga nodetool repair. Sasa unaweza kulala.