Kwaresima Likoni

Huko Likoni, Mombasa, ng'ambo ya kusini ya kivuko, Kwaresima, yaani siku 40 za toba kabla ya Pasaka, huanza Jumatano ya Majivu, na kila Ijumaa waumini Wakatoliki hufuata Njia ya Msalaba, ibada ya vituo 14 vya mateso ya Yesu. Jumuiya ndogondogo, ambazo ni vikundi vya majirani, husali na kuchanga sadaka kwa ajili ya wahitaji, wajibu wenye uzito wa pekee mahali ambapo waliofurushwa na ghasia zilizozuka hapo Agosti 1997 walipata hifadhi katika kanisa Katoliki. Mwaka 2025 Kwaresima ilianza Machi 5, siku chache baada ya mwezi wa Ramadhani kuandama, hata Mkristo na jirani yake Mwislamu wakafunga pamoja.