Shahada ya Sayansi za Jamii: Gharama Yake na Kazi Zake

Sayansi za jamii ni jina la jumla la masomo yanayochunguza namna watu wanavyoishi pamoja, wanavyotawalana na wanavyogawana walicho nacho: sosholojia, sayansi ya siasa na utawala wa umma, uchumi, takwimu, saikolojia, ustawi wa jamii na masomo ya maendeleo. Nchini Tanzania shahada ya kwanza katika fani hizi kwa kawaida huchukua miaka mitatu. Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii kilianza Dar es Salaam mwaka 1964, wakati nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa maofisa wa utawala, na kwa miaka mingi mhitimu hakuhangaika kutafuta kazi, alipangiwa. Utaratibu huo ulikwisha serikali ilipopunguza wafanyakazi katika miaka ya 1990. Tangu hapo kila familia inayompeleka kijana chuoni ina haki ya kuuliza kama fedha na miaka yake vitarudi.

Hesabu huanzia kwenye ada. Katika vyuo vikuu vya umma, ada ya masomo haya ni takriban shilingi milioni moja kwa mwaka. Vyuo binafsi vingi hutoza zaidi. Ada hiyo ni nafuu ikilinganishwa na ya udaktari au uhandisi, na unafuu huo ndio unaowavuta wengi. Lakini ada ni sehemu ndogo ya gharama. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Kwa siku 240 za masomo, bumu peke yake ni 2,400,000. Ukiongeza ada na 200,000 za vitabu na viandikwa, mwaka mmoja unagharimu 3,600,000, na miaka mitatu 10,800,000, bila kuhesabu mafunzo kwa vitendo.

Wengi hubeba mzigo huo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Fani za sayansi za jamii hazimo katika zile zinazopewa kipaumbele cha kwanza kama afya, uhandisi na ualimu wa sayansi. Kwa hiyo si ajabu mwanafunzi akapata bumu huku ada akilipiwa sehemu tu, na pengo likabaki kwa mzazi, mara nyingi lile lile ambalo mzazi alidhani limekwisha siku majina ya waliopata mkopo yalipotangazwa.

Marejesho yalibadilika mwaka 2016, makato ya mwajiriwa yalipopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Chukua mfano wa mtumishi wa umma mwenye mshahara wa 800,000. Mfuko wa pensheni unachukua asilimia 5, yaani 40,000. Kodi ya mapato ni 68,000. Bima ya afya, asilimia 3, ni 24,000. Bodi inachukua 120,000. Mkononi zinabaki 548,000. Kama gharama yote ilikopwa, kwa kasi hiyo deni la 10,800,000 linamalizika kwa miezi 90, yaani miaka saba na nusu. Na kwa kuwa sheria inataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake, kila shilingi inayokwenda Bodi inapunguza pia kiasi ambacho benki inaweza kumkopesha.

Hata hivyo, deni lenyewe si jinamizi lililokuwa zamani. Hadi mwaka 2021 kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Kwa deni la mfano huu, tozo ingekuwa 648,000 katika mwaka wa kwanza, karibu nusu ya 1,440,000 ambazo mhitimu angelipa mwaka huo. Tozo na adhabu vyote vilifutwa. Linalobaki ni deni linalopungua kwa makato yote ya kila mwezi, jambo ambalo wakopaji wa awali hawakulijua.

Gharama kubwa zaidi haimo katika hati yoyote ya Bodi: ni muda wa kusota mtaani kati ya mahafali na kazi ya kwanza. Mhitimu wa mfano wetu, kabla ya kukatwa mkopo, angepokea 668,000 kwa mwezi. Akikaa miaka miwili bila kazi, amekosa zaidi ya milioni 16, kuzidi mkopo wake wote. Kwa hiyo swali la msingi kuhusu shahada yoyote ya fani hizi ni kama inafupisha au inarefusha kusubiri huko.

Hapo ndipo shahada hizi zinapoachana, ingawa gharama yake ni karibu moja. Kazi nyingi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na kila tangazo hutaja fani zinazokubalika kwa mujibu wa muundo wa utumishi. Afisa Maendeleo ya Jamii anaweza kutoka katika sosholojia, maendeleo ya jamii, masomo ya maendeleo na nyinginezo. Ndiyo maana usaili wa mchujo wa nafasi hizo hufurika. Mchumi na mtakwimu hutafutwa katika kundi dogo zaidi, kwa sababu hesabu huwachuja watu mapema, tangu wakati wa kuchagua kombi za kidato cha tano. Mwanafunzi aliyesoma EGM (uchumi, jiografia na hesabu) ana mlango ambao wa HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) hana, na hawezi kuufungua akiwa tayari chuoni.

Ustawi wa jamii una faida ya pekee: sheria yenyewe imeuwekea kazi. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mahakama humtegemea afisa ustawi wa jamii kufanya uchunguzi wa nyumbani na kuandika ripoti katika mashauri ya malezi na ya watoto waliokinzana na sheria. Pale ambapo sheria inataka saini ya mtu mwenye taaluma fulani, taaluma hiyo haiwezi kubezwa kirahisi.

Nje ya serikali, kimbilio la miaka mingi lilikuwa mashirika yasiyo ya kiserikali. Kimbilio hilo limetikisika. Marekani ilisimamisha misaada yake Januari 2025, na shirika lake la USAID likafungwa rasmi Julai mwaka huo. Miradi ya afya na utawala bora iliyoajiri wahitimu hawa ikapungua au kufa. Waliobaki na soko ni wale wanaoweza kukusanya data na kuichambua: kutengeneza dodoso kwenye kishkwambi, kusafisha majibu, kuendesha uchambuzi kwa programu za Stata au SPSS na kuandika ripoti inayosomeka. Sensa ya 2022 ilifanyika kwa vishkwambi, na tafiti nyingi sasa hufuata njia hiyo. Ujuzi huu hufundishwa katika kozi ya mbinu za utafiti ambayo wanafunzi wengi huipita kwa alama za kuvukia tu, kisha huenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kugonga mihuri kwenye kitabu cha kumbukumbu.

Kwa familia isiyo na uwezo wa kumbeba mhitimu anayesubiri, stashahada ya ustawi au maendeleo ya jamii, ikifuatiwa na ajira na baadaye shahada kwa ruhusa ya mwajiri, ni njia salama kuliko kuanza na shahada ya jumla. Anayeazimia kuanza na shahada apitie matangazo ya kazi ya mwaka mzima uliopita na kuhesabu mangapi yanaitaja kwa jina shahada anayoitaka, kabla dirisha la udahili halijafungwa.