Pima Hatari ya Batri Kabla ya Kuigusa

Hapa Minova na kando ya ziwa Kivu watu wengi huwasha taa kwa paneli za jua na batri. Huko Goma kampuni ya Nuru ilifungua mwaka 2020 mtambo wa jua wa megawati 1.3. Umeme huu ni msaada mkubwa. Lakini waweza kuuchoma uso wa mtu ambaye hakuugusa hata kidogo.

Kwa nini? Umeme wa Ruzizi, unaofika Bukavu, hugeuka-geuka, na nguvu yake hufika sifuri mara 100 kila sekunde. Hapo cheche hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa paneli na batri huenda upande mmoja tu, wala haufiki sifuri. Ukichomoa waya umeme ukiwa unapita, cheche yaweza kuvutika ikawa mwali wenye joto la maelfu ya digrii. Mwali huo huyeyusha shaba na kuirusha machoni.

Basi, kabla ya kazi jiulize maneno manne:

1. Volti ni ngapi? Paneli 10 za volti 40 zikifuatana katika waya mmoja hutoa volti 400.

2. Batri ina nguvu gani? Wengi husema, “Volti 12 si kitu.” Kweli, haitakurusha. Lakini spana ikigusa vichwa vyake viwili pamoja, batri kubwa yaweza kutoa zaidi ya ampea 1,000. Spana huwaka nyekundu, na hewa inayotoka katika batri ikichajiwa yaweza kulipuka.

3. Fyuzi itakata upesi? Mwali wa sekunde mbili huchoma mara mbili ya ule wa sekunde moja.

4. Uso wako u karibu kadiri gani? Joto la kalori 1.2 juu ya sentimeta mraba moja ya ngozi latosha kuleta malengelenge. Ukisogea nyuma, joto hupungua sana.

Sasa fanya hivi. Zima kwanza kwa swichi iliyotengenezwa kwa umeme wa namna hii, ndipo uchomoe waya. Kumbuka: maadamu jua linawaka, paneli ina umeme. Vua pete na saa. Funga mpini wa spana kwa utepe wa mpira. Vaa miwani ya kukinga macho. Fungua madirisha. Volti zikiwa nyingi, mwite fundi aliyefundishwa.

Mtu akiungua, kata umeme kwanza. Mwagia jeraha maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake mafuta, dawa ya meno wala udongo. Maji makali ya batri yakiingia jichoni, lioshe papo hapo kwa maji mengi, wala usilisugue. Kisha mlete hospitali siku ile ile, hata kama maumivu yamepungua.

Waonyeshe na watoto wako mahali batri ilipo, uwakataze kuichezea. Kuzima swichi ni kazi ya kitambo kidogo. Jicho lililopofuka halirudi.