RAHMAN: Alianzia kwenye matangazo ya saa, akaibuka na Oscar mbili

Msomaji wangu, leo nina swali la kijiweni. Ule muziki mfupi wa matangazo ya Airtel, unaopita masikioni kwa sekunde chache kabla hujaambiwa habari za vifurushi, nani aliyeutunga? Nimeuliza kwenye daladala, nimeuliza saluni, nimeuliza hata ofisini kwetu ambako kila mtu ni mjuaji. Mmoja akanijibu, "Wazungu." Mwingine akasema, "Kompyuta hiyo, dada, hakuna mtu hapo." Wote wamekosa.

Yupo mtu, tena ana jina kubwa. Ni A. R. Rahman, Mhindi wa Madras, mji ambao tangu mwaka 1996 unaitwa Chennai. Aliutunga muziki ule mwaka 2002 kwa ajili ya kampuni hiyo ya simu huko kwao India, na mwenyewe akaonekana kwenye tangazo. Mwaka 2010 kampuni ikanunua mitandao ya Zain katika nchi 15 za Afrika, ikiwemo ya kwetu, kwa dola bilioni 10.7. Mwishoni mwa mwaka huohuo ilipojipamba upya na kuweka nembo mpya, ni Rahman huyohuyo aliyeitwa kuutengeneza muziki upya.

Wapenzi wa picha za Kihindi sasa wameruka kwenye viti. Ndiyo, ndiye huyo huyo wa Dil Se. Lakini leo sitaki kuzungumzia warembo na mastaa. Nataka tuzungumze kazi yenyewe: kazi ya kutunga muziki wa matangazo, wa televisheni na wa filamu, ambayo kila mtu anaisikia na wachache wanajua nani anaifanya, na wachache zaidi wanajua nani anakula fedha yake.

VINANDA VYA MAREHEMU

Rahman alizaliwa Januari 6, 1967, akaitwa A. S. Dileep Kumar. Baba yake, R. K. Shekhar, alikuwa mtunzi na mpangaji wa muziki wa filamu za Kimalayalam, zile za jimbo la Kerala. Kwa hiyo nyumba yao ilikuwa na vinanda kama nyumba nyingine zinavyokuwa na sufuria.

Mwaka 1976 mzee akafariki. Mtoto ana miaka tisa, ana dada zake watatu, na mama hana mshahara. Hapa ndipo pa kusimama kidogo, msomaji. Huyu mzee alikuwa amefanya kazi kwenye filamu chungu nzima, lakini kilichoilisha familia baada ya yeye kuondoka ni vyombo vyake vya muziki, ambavyo mama alikuwa akivikodisha kwa wanamuziki wengine. Vinanda ndivyo vilivyonunua mchele.

Kijana akaanza kazi mapema. Alipokuwa na miaka kama 11 hivi alikuwa tayari anapiga kinanda kwenye kundi la Ilaiyaraaja, mtunzi aliyekuwa mfalme wa filamu za Kitamil. Aliwahi pia kuonekana kwenye kipindi cha watoto cha televisheni ya taifa, Doordarshan, akipiga vinanda vinne kwa mpigo. Mchana studio, usiku studio, shule ikawa ya kuibia muda, na mwishowe akaiacha. Mwishoni mwa miaka ya 80 familia ikasilimu, Dileep akawa Rahman.

CHUO CHA SEKUNDE 30

Wengi wakisimulia maisha ya jamaa huyu wanaruka moja kwa moja kwenye filamu. Mimi nasema wanaruka sehemu tamu kuliko zote. Mwaka 1987, akiwa na miaka 20, alitunga muziki wa matangazo ya saa mpya za Allwyn. Kazi ikapendwa, nyingine ikaja, na nyingine. Kwa muda wa kama miaka mitano akatunga nyimbo za matangazo ambazo hesabu yake inayotajwa ni zaidi ya 300.

Kama hujawahi kuona kazi hii inavyofanyika, usiidharau. Mtunzi wa wimbo wa kawaida ana dakika nne za kumbembeleza msikilizaji. Mtunzi wa tangazo ana sekunde 30, pengine 10 tu. Ndani ya muda huo lazima mtu ajue anasikiliza habari ya nini, achangamke au alegee roho kama mwenye mali anavyotaka, na jina la bidhaa likae kichwani hata akienda kulala. Halafu mwenye mali anakuja, anasema, "Nzuri, lakini iwe na furaha zaidi." Unarudia. Kesho anakuja mkewe, anasema hapendi ngoma. Unarudia tena.

Rahman mwenyewe amewahi kueleza kwamba matangazo ndiyo yaliyomtia adabu ya kazi, kwa sababu yalimlazimisha kufikisha ujumbe kwa muda mfupi. Na fedha za matangazo zilikuwa na faida ya pili. Nyumbani kwao, mtaa wa Kodambakkam, alijenga studio yake nyuma ya nyumba, akaiita Panchathan Record Inn. Huko alijifungia usiku kucha na vinanda na kompyuta, na mpaka leo anajulikana kama mtu wa kufanya kazi usiku, wakati watu wengine wamelala fofofo.

Muziki wa tangazo la kahawa ndio uliomkutanisha na mwongozaji Mani Ratnam, ambaye alikwenda studio, akasikiliza na akampa filamu ya Roja. Inaelezwa kuwa malipo yake yalikuwa rupia 25,000, fedha ambayo kwenye matangazo angeipata kwa siku chache tu. Akakubali.

Roja ikatoka Agosti 1992. Wee acha tu! Wasikilizaji walikuwa wamezoea okestra kubwa inayopiga yote kwa pamoja studioni. Huyu kijana alirekodi kipande kwa kipande: mwimbaji peke yake, filimbi peke yake, ngoma peke yake, kisha usiku anapanga kama fundi anayeunga vipande vya kitambaa. Mwimbaji anaondoka studio hajui wimbo wake utafananaje, anakuja kuusikia kanda ikishaingia sokoni. Kwa filamu hiyo ya kwanza akapata tuzo ya taifa ya muziki, jambo ambalo mgeni hakuwa amelifanya kabla yake. Mwaka 2005 jarida la Time la Marekani likaiweka Roja kwenye orodha ya miziki 10 bora ya filamu ya nyakati zote.

KUTOKA KODAMBAKKAM MPAKA KWETU

Sisi watu wa pwani na Wahindi wa sinema tumetoka mbali. Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Avalon, Odeon, Cameo na New Chox. Watu wakitoka humo wanaimba maneno wasiyoyaelewa hata moja. Waimbaji wa taarab nao hawakulala, wakachukua tuni za Kihindi wakazivisha maneno ya Kiswahili, na marehemu Juma Bhalo wa Mombasa akajijengea jina kubwa kwa mtindo huo.

Basi ilipotoka Rangeela mwaka 1995, filamu ya kwanza ya Kihindi ambayo Rahman aliitungia nyimbo mpya kabisa, tayari masikio yetu yalikuwa wazi. Sinema zilikuwa zinakufa, lakini mikanda ya video ya kukodi ilikuwepo. Mwaka 1998 ikaja Dil Se, na ule wimbo Chaiyya Chaiyya ambao Shah Rukh Khan anaucheza juu ya behewa la treni inayokwenda. Mtaani kwetu mkanda ule uliazimwa mpaka picha ikaanza kuchuja. Miaka minane baadaye Spike Lee wa Marekani aliuweka wimbo huohuo kwenye filamu yake ya Inside Man.

Februari 2009, mjini Los Angeles, Rahman akapanda jukwaani mara mbili kuchukua Oscar, moja ya muziki wa filamu ya Slumdog Millionaire na nyingine ya wimbo wake Jai Ho, ambao maneno yake ni ya mshairi Gulzar. Mbele ya dunia nzima akatamka kwa Kitamil kwamba sifa zote ni za Mungu.

NANI ANAKULA?

Sasa tuje kwenye fweza. Nina jirani yangu, kijana anayepiga kinanda kwenye maharusi. Miaka ya nyuma alitunga wimbo wa tangazo la sabuni. Akalipwa mara moja, fedha ya kutosha kodi ya chumba miezi mitatu. Tangazo likapigwa redioni miaka na miaka, watoto wa mtaani wakawa wanaliimba wakiruka kamba. Nikamuuliza mkataba uko wapi. Akacheka. "Mkataba gani, dada? Nilisaini kwenye kitabu cha risiti."

India nayo ilikuwa hivyohivyo kwa miaka mingi. Mwaka 1977 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya nchi ile iliamua kwamba muziki uliotungwa kwa ajili ya filamu ni mali ya mtayarishaji wa filamu, isipokuwa kama mkataba unasema vingine. Kwa maneno ya uswahilini, ukishalipwa umelipwa, kwaheri. Ndiyo maana ile habari ya mama kukodisha vinanda mimi sioni kama ni bahati mbaya ya familia moja.

Rahman alipopata nguvu, alikataa. Akaanza kudai sehemu yake ya haki iandikwe kwenye mkataba. Filamu ya Om Shanti Om ya mwaka 2007, ambayo kila mtunzi angeililia, aliiacha kwa sababu kampuni ya kanda haikukubali kugawana hakimiliki na mtunzi na mwandishi wa maneno. Wapo waliomwita mroho. Lakini mwaka 2012 bunge la India likarekebisha sheria ya hakimiliki, na mshairi Javed Akhtar, aliyekuwa mbunge, ndiye aliyeipigania sana. Tangu hapo mtunzi na mwandishi wa nyimbo za filamu wana haki ya mirabaha, sawa kwa sawa na mwenye kumiliki, pale wimbo unapotumika nje ya ukumbi wa sinema. Na haki hiyo hata ukisaini kuitoa, sheria inasema haitoki, isipokuwa kwa warithi wako au chama cha kukusanya mirabaha. Neno warithi hapo nimelipigia mstari mara mbili.

Kwetu Tanzania tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ndiyo iliyoizaa COSOTA. Sheria ipo kitabuni, lakini haitakutafuta chumbani kwako. Kwa hiyo wewe kijana wa studio unayetengeneza tangazo la unga, la benki au la mgombea, kabla hujapokea bahasha uliza mambo matatu. Muziki huu utatumika kwa muda gani? Utatumika wapi, redio peke yake au na televisheni na simu? Ukirudiwa au ukibadilishwa, nitalipwa tena? Majibu yaandikwe, yasainiwe, nakala moja ubaki nayo wewe, na kazi yako kaiandikishe. Usipoandika, siku ya ugomvi ni neno lako dhidi ya neno la tajiri, na tajiri ana wakili.

Na usione haya kuanza na sabuni. Mwenzio alianza na saa za mkononi. Mwaka 2008 alifungua chuo chake cha muziki hapo hapo Chennai, KM Music Conservatory, ili watoto wengine wasome kazi hii darasani na si kwa kuibia usiku. Jirani yangu nimempa somo hili lote juzi kibarazani. Amesema tangazo lijalo atakuja kwangu kwanza tusome karatasi pamoja, na mimi nimemwambia chai nitamtilia.