Rangi Mbili kwa Mstari

Kwa wengi wetu sweta ni vazi la shule: rangi moja, na mistari miwili shingoni ukibahatika. Sweta la Fair Isle ni kinyume chake. Ukilitandaza mezani utadhani aliyelifuma hajui kuikataa rangi yoyote: kahawia, buluu, nyekundu, njano, kijivu, zote zimo. Lakini pitisha kidole kwenye mstari mmojammoja, utakuta rangi mbili tu. Hiyo ndiyo kanuni ya ufumaji huu, uliopewa jina la kisiwa kidogo kilichoko kati ya Orkney na Shetland, kaskazini mwa Uskoti. Na nadhani ubanaji huohuo ndio unaowanasa wanaoujaribu.

Mfumaji huenda na nyuzi mbili kwa pamoja. Mmoja ukifanya kitanzi, mwenzake hupita nyuma ya kitambaa ukisubiri zamu. Ukivutwa mno, nguo hujikunyata. Ukilegezwa mno, vidole hunasa humo kila mtu anapovaa mkono wa sweta. Kwa hiyo maua hupangwa ili rangi isikae nje ya kazi kwa muda mrefu, isizidi vitanzi vitano hivi. Malipo ya usumbufu huo ni nguo yenye unene maradufu, jambo la maana katika visiwa ambako upepo hauendi likizo.

Kuna siri nyingine isiyoonekana na mgeni. Uzi unaopitishwa chini ya mwenzake hujitokeza zaidi usoni mwa kitambaa. Mfumaji akigeuza mpangilio huo katikati ya kazi, ua lilelile, kwa rangi zilezile, litafifia. Watu hawatajua kwa nini. Yeye atajua, na atakumbuka kila akilivaa.

Uamuzi ulioachwa mikononi mwake ni wa jozi: rangi ipi ikutane na ipi, na mstari ujao ibadilike ya ua au ya uwanja wake. Maua mengi yana idadi witiri ya mistari, ili pawepo mmoja wa katikati, na hapo ndipo mahali pa rangi kali. Nyekundu mstari mmoja, basi. Ukiirudia kwenye mistari mitatu, ua zima linageuka kelele. Hesabu nayo haina huruma: ua la vitanzi 24 huingia mara 12 katika mzunguko wa vitanzi 288, mwenye 290 atabaki na viwili visivyo na kwao.

Husimuliwa kwamba maua haya yaliletwa na mabaharia wa Hispania, merikebu yao El Gran Grifón ilipovunjikia Fair Isle mwaka 1588. Ushahidi hakuna, ila hadithi huuza masweta, kwa hiyo yenyewe haijazama. Kilichoandikwa rasmi ni kichungu zaidi. Mwaka 1872 tume ya serikali iliwasikiliza wafumaji wa Shetland wakieleza jinsi wafanyabiashara walivyowalipa kwa chai na vitambaa badala ya fedha. Nusu karne baadaye, mwaka 1922, mwana wa mfalme wa Uingereza, aliyekuja kuwa Edward VIII, alicheza gofu St Andrews akiwa amevaa sweta la Fair Isle, na wanunuzi wakamiminika. Mwaka 1925 mchoraji John St Helier Lander alimchora akiwa na sweta la namna hiyo, na mbwa mkononi. Mbwa alipata nafasi kwenye picha, mfumaji hakupata.

Leo mashine hufuma ua lolote utakalo, haraka na bila kosa. Isichoweza kumpa mtu ni ile haja ya kufuma mstari mmoja zaidi kabla ya kulala, ili aone kama ile njano itakubaliana na kahawia.

Mwishoni huja mkasi. Kazi hii hufumwa kwa mzunguko, kama mfuko, ili uso wa maua ubaki mbele ya mfumaji wakati wote. Sweta likitakiwa kuwa la vifungo, hukatwa mbele kutoka chini hadi shingoni, katikati ya ukanda wa vitanzi vya ziada. Sufu ya kondoo wa Shetland ina magamba madogo mno yanayong'ang'aniana, hivyo haifumuki ovyo. Nyuzi za akriliki zilizojaa madukani kwetu huteleza. Usizikate kabla ya kupiga cherehani pande zote mbili.

Na kabla hujalipia nyuzi, zipange pamoja, zipige picha kwa simu, kisha uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Nyekundu na kijani zilizotofautiana vizuri kwenye kaunta mara nyingi hutoka kijivu kimoja. Zikifanana hapo, ua halitaonekana. Rudisha moja.